NENO HUTANGULIA PANGA



Wahenga walituusia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole huumia mwenyewe na hupona mwenyewe. Aliyejikwaa ulimi huwaumiza wengine, na jeraha hilo huweza kudumu vizazi na vizazi, hata baada ya msemaji wa kwanza kuzikwa na kusahauliwa.

Katika toleo hili tumeona yatupasa kuzungumzia maneno ambayo wanadamu huyatumia kuitana kwa rangi ya ngozi. Huenda mtu akauliza: Je, hiyo si kazi ya walimu wa lugha? Tume ya Haki na Amani ina lipi la kusema juu ya mambo ya kamusi? Jibu letu ni fupi. Hapa kwetu, kati ya mashamba ya pamba ya Shinyanga na maduara ya dhahabu ya Geita, wapo watu waliouawa kwa sababu ya rangi ya ngozi zao. Hawakuuawa na jeshi la wageni. Waliuawa na watu wa nchi yao, mara nyingine kwa msaada wa jirani au jamaa. Na kabla ya panga kuinuliwa, lilikuwa limetangulia neno. Neno ndilo lililomtoa mtu katika hesabu ya watu. Panga lilikuja baadaye kuikamilisha kazi hiyo.

Ili tuelewe jinsi neno linavyoweza kutenda hivyo, hatuna budi kwanza kwenda mbali kidogo, hadi kwenye lugha za Ulaya, maana huko ndiko yalikotungwa mengi ya majina ya rangi yanayotumika duniani. Kisha tutarudi nyumbani.

NENO MOJA, HATIMA NYINGI

Wareno na Wahispania wana neno "negro". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni nyeusi tu, kama sisi tunavyosema chungu cheusi au ng'ombe mweusi. Kwa Mhispania hadi leo ni neno la kawaida: atalitumia kwa kiatu na kwa usiku usio na mwezi. Lakini kuanzia karne ya 15, Wareno walipoanza kuwakamata na kuwanunua watu katika pwani ya Afrika Magharibi, neno la rangi liligeuka kuwa neno la bidhaa. Waingereza walipoliazima hawakuwa na haja ya neno la kutaja kiatu au usiku, kwani walikuwa na lao la "black". Waliliazima kwa ajili ya kumtaja mtu wa namna moja tu, yule aliyeuzwa na kununuliwa. Humo likazaliwa, kwa matamshi yaliyopotoshwa, tusi ambalo leo magazeti mengi ya Kiingereza hayathubutu kuliandika kwa ukamilifu.

Waliotajwa kwa neno hilo hawakukaa kimya. Mwaka 1909, huko Marekani, kilianzishwa chama cha kutetea haki cha NAACP, ambacho katika jina lake kilichagua neno "colored", yaani wenye rangi. W.E.B. Du Bois, mmoja wa waasisi wake, alidai pia kwamba neno "Negro" liandikwe kwa herufi kubwa, kama yanavyoandikwa majina ya mataifa mengine. Gazeti la New York Times lilikubali mwaka 1930. Msomaji asidharau mapambano ya herufi moja: herufi ndogo huandikwa kwa vitu, herufi kubwa kwa watu na mataifa yao. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana walilikataa jina lile lile ambalo wazee wao walikuwa wamelipigania, wakachagua "Black", neno ambalo kwa babu zao lilikuwa karibu na matukano. Mwaka 2013 ofisi ya sensa ya Marekani ilitangaza kwamba italiondoa "Negro" katika fomu zake. Heshima ya babu ilikuwa imekuwa dharau kwa mjukuu.

Katika lugha nyingine mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kwa Wafaransa neno "nègre" lilinuka utumwa. Ndipo katika miaka ya 1930, mjini Paris, wanafunzi watatu, Aimé Césaire wa Martinique, Léopold Sédar Senghor wa Senegali na Léon-Gontran Damas wa Guyana ya Ufaransa, walipoliokota matopeni na kulifanya jina la fahari, "négritude". Kwa Wajerumani neno "Neger" lilichapishwa vitabuni kwa miaka mingi kama neno la kawaida, na leo ni tusi. Kireno ni lugha moja, lakini neno "preto", ambalo nalo ni nyeusi, likielekezwa kwa mtu huko Ureno huweza kumchoma, ilhali huko Brazili limo katika fomu za sensa.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba maana ya neno haimo katika herufi zake. Neno ni kama kibuyu: hushika harufu ya kile kilichotiwa ndani yake. Wanaotia ni wale wanaolitumia, na wanatia kwa matendo yao zaidi kuliko kwa nia wanayoitaja.

MANENO YALIYOPITA MIKONONI MWETU

Mtu asidhani kwamba hayo ni habari za ng'ambo tu. Yako maneno yaliyopita katika pwani yetu na katika sheria za nchi yetu.

La kwanza ni "kafiri". Kwa Kiarabu ni mtu asiyeamini. Ni jambo la imani, wala si la ngozi. Wareno waliofika katika pwani ya Afrika Mashariki walilipokea kwa wafanyabiashara Waislamu, waliolitumia kwa watu wa bara wasio wa dini yao, wakalitamka "cafre". Kwa Waholanzi wa Afrika Kusini likawa "kaffer". Njiani imani ilidondoka, ikabaki rangi. Mwafrika akabatizwa, akaungama, akazika wazee wake Kikristo, na bado akaitwa kafiri kwa sababu tu alikuwa mweusi. Hata mtama, nafaka iliyowalisha babu zetu wa Usukuma, katika Kiingereza cha wakoloni ulipewa jina lenye tusi hilo. Huko Afrika Kusini leo neno hilo huweza kumpeleka mtu gerezani: mwaka 2018 mahakama ilimhukumu kifungo mwanamke mmoja aliyewatukana polisi kwa kulirudia mara nyingi.

La pili ni "native". Shina lake ni kuzaliwa. Ni yule aliyezaliwa mahali hapo, mwenyeji. Je, kuna jina jema kuliko hilo? Lakini Waingereza walipoitawala Tanganyika walitunga sheria ya serikali za wenyeji mwaka 1926 na ya mahakama za wenyeji mwaka 1929, na katika sheria hizo "native" hakuwa tena kila aliyezaliwa hapa. Mtoto wa mlowezi aliyezaliwa Tanganyika hakuwa "native". Neno lilimaanisha mtu wa daraja la chini, mwenye mahakama yake ya pembeni. Wazee wetu walilifahamu hilo. Walipounda umoja wao mjini Dar es Salaam mwaka 1929 hawakuuita wa "natives"; waliuita Chama cha Waafrika. Walijichagulia jina wenyewe, na katika safari ya chama hicho ikazaliwa TANU mwaka 1954.

La tatu linatuhusu sisi kwa sisi. Watu wa pwani walimwita "mshenzi" mtu wa bara ambaye, kwa mizani yao, hakuwa na dini wala ustaarabu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walikutana nalo huko. Walowezi wa Kiingereza wakalidaka, wakaliingiza katika Kiingereza chao. Na leo sisi, wajukuu wa wale walioitwa washenzi, twawatupia wenzetu neno hilo hilo bila kukumbuka lilikotoka.

Jina letu lenyewe lina fundisho. "Sukuma" ni kaskazini, kama "dakama" ilivyo kusini. Lilikuwa ni jina la upande wa dunia, wala halikuwa na sifa wala lawama. Likawa jina la watu, na watu wakalibeba kwa fahari. Hata hivyo wapo mijini wanaotamka "Msukuma" kwa kicheko, wakimaanisha mshamba asiyejua mambo. Anayetoka huku anajua jinsi kicheko hicho kinavyouma. Basi hatuwezi kusema kwamba hatujui uzito wa jina.

ALBINO, ZERUZERU, DILI

Tumefika sasa penye kidonda chetu.

Neno "albino" ni ndugu wa neno "negro". Hilo nalo ni la Kireno, hilo nalo lina asili ya Kilatini, na maana ya shina lake ni nyeupe. Katika karne ya 17 Wareno walilitumia kwa Waafrika waliozaliwa na ngozi nyeupe katika pwani ya Afrika Magharibi. Tuutazame mtego ulivyotegwa. Wazungu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Mwafrika ni mweusi, na kwamba weusi ndio asili yake yote. Alipotokea Mwafrika asiye mweusi, hawakusema kwamba jina lao la kwanza ni pungufu. Walimtungia jina jingine na kumweka pembeni.

Wataalamu wakafuata. Mwaka 1744 mtoto mwenye asili ya Afrika na ngozi nyeupe alioneshwa mjini Paris, na mwandishi Voltaire akaandika habari zake kana kwamba ameona aina nyingine ya viumbe. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi, aliyewagawa wanadamu katika makundi manne ya mabara na rangi, aliweka kando yao viumbe wa usiku, ambao maelezo yake juu yao yalichanganya habari za nyani na habari za watu wenye ualbino. Hivyo jina lilitangulia, na elimu ya uongo ikalijengea nyumba.

Elimu ya kweli yasema jambo jepesi. Ualbino ni hali ya kurithi, ambayo mwili hauwezi kutengeneza vya kutosha ile rangi inayoilinda ngozi na macho. Kwa kawaida mtoto huzaliwa nayo akirithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama pia, hata kama wote wawili ni weusi kabisa. Jua humchoma upesi na huweza kumletea saratani ya ngozi. Macho yake huona kwa shida. Hakuna zaidi ya hayo. Hana dawa mwilini, hana bahati mfupani, na hufa kama tunavyokufa sote.

Lakini sisi tulikuwa na neno letu, "zeruzeru". Katika kamusi ni mtu aliyezaliwa bila rangi ya kawaida ya ngozi. Mitaani, kibuyu hicho kilitiwa mengine: kwamba si mtu hasa, kwamba ni mkosi, kwamba hafi bali hutoweka tu. Anayesadiki kwamba kiumbe fulani hafi, atasadiki kwa urahisi pia kwamba kumwua si kuua. Kisha likaja neno la tatu, fupi na baya kuliko yote, lililotoka katika Kiingereza cha biashara: "dili". Watu wenye ualbino wameeleza jinsi wanavyopigiwa kelele njiani, "dili hilo", "pesa hiyo". Hapo hapana tena rangi, wala mzuka, wala mtu. Pana bei.

Neno hilo lilipata udongo wa kuota. Mchimbaji mdogo huingia shimoni miezi mingi asione kitu, na jirani yake aliye hatua ishirini akapata. Hakuna awezaye kumweleza kwa nini. Ndipo mganga mwongo humwuzia jibu, na jibu hilo ni kiungo cha mwanadamu. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington waliandika mwaka 2010 juu ya uhusiano huo kati ya machimbo, uganga na mauaji. Kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria uliuzwa uongo wa namna hiyo hiyo juu ya nyavu.

Hasa kuanzia mwaka 2007 mauaji yalienea katika mikoa ya kanda hii. Aprili 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mama mwenye ualbino, kuwa Mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa wilaya ya Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo. Watoto walikusanywa katika shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, ili wawe salama. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoani Geita, akauawa.

Sasa msomaji aone mfanano. Katika karne ya 15 neno la rangi lilifanywa kuwa neno la bidhaa katika soko la watumwa. Katika karne ya 21 jambo hilo hilo lilitendeka vijijini mwetu, na waliolitenda si Wareno. Njia ni ile ile, nayo ina hatua tatu: rangi, jina, bei. Vikongwe wetu wa Shinyanga nao waliipitia njia iliyo jirani na hiyo. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa samadi na mabua ya pamba yalipewa jina la uchawi, na jina hilo likawa hukumu.

JE, KUBADILI JINA KUNATOSHA?

Wenye kuhusika walianza zamani kulipigania jina. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1978, na baadaye jina lake la Kiingereza lilibadilishwa kutoka chama cha "albino" kuwa chama cha "ualbino". Leo husemwa "mtu mwenye ualbino". Wapo wanaocheka kwamba hayo ni maneno marefu ya semina. Wanasema: ukimbadilisha chui jina, hakuwi mbuzi.

Tukubali kwamba hoja yao ina nusu ya kweli. Tumeona kwamba Marekani majina yalibadilika mara tatu katika karne moja, na ubaguzi ukabaki ukitafuta nyumba katika kila jina jipya. Hapa kwetu pia, mwaka 2024, "mtu mwenye ualbino" likiwa limekwisha kuzoeleka katika kila hotuba, mtoto wa miaka miwili aliibwa na kuuawa huko Muleba, mkoani Kagera. Jina jema peke yake halifungi mlango usiku.

Lakini nusu ya pili ya kweli ni hii: jina baya huufungua. Hakuna aliyewahi kuingia nyumba ya jirani kuiba "mtoto wa fulani, anayesoma darasa la pili". Huingia kutafuta "dili". Neno "mtu" likiwekwa mbele, muuaji hulazimika kuliruka kabla ya kufika kwenye panga, na wengine watashindwa kuliruka. Ndiyo maana urefu wa maneno hayo si upuuzi. Aidha, kama mtu mwenye ualbino mwenyewe achagua kujiita "albino", kama Waamerika walivyochagua "Black", hiyo ni haki yake, wala si kazi yetu kumsahihisha. Mwenye jina ndiye wa kuulizwa kwanza.

YATUPASAYO

Kanisa halikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Mathayo sura ya 5, Bwana wetu anapoieleza amri ya kutoua, haanzi na silaha. Anaanza na hasira na neno la dharau analotamkiwa ndugu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikataa ubaguzi wowote wa mtu kwa sababu ya kabila au rangi. Basi twasihi haya.

Kwanza, wazazi. Mtoto hazaliwi na neno "zeruzeru" kinywani. Hulipata mezani kwetu. Baba anayemwacha mkewe kwa sababu amejifungua mtoto mwenye ualbino ajue kwamba chembe hiyo ya urithi imetoka kwake pia.

Pili, walimu. Mwanafunzi aitwe kwa jina lake katika daftari la mahudhurio na uwanjani pia. Akalishwe mbele auone ubao, avae kofia na mikono mirefu, na wenzake waelezwe sababu.

Tatu, wenye maduara, makarasha na mitumbwi. Wao husikia mapema kuliko polisi. Anayesikia neno "dili" likitajwa kwa mwanadamu na akanyamaza, amekwisha kuingia katika biashara hiyo.

Nne, sisi viongozi wa jumuiya na wahubiri. Tusimtaje mtu yeyote kwa rangi, kabila au ulemavu pale ambapo jina lake latosha.

Tunapendekeza Jumuiya Ndogo Ndogo zijadili maswali haya: Ni majina gani tunayowaita wenzetu wasipokuwapo, ambayo tusingethubutu kuyatamka mbele yao? Ni familia ipi jirani yetu yenye mtoto mwenye ualbino, na nani kati yetu humsindikiza shuleni? Na je, akitokea mgeni akaulizia habari zake kwa neno lisilo jina lake, tutamjibu nini, na tutampelekea nani taarifa kabla jua halijatua?